Hesabu ya Shashi

Jina la hospitali nalihifadhi,
wakili kaniambia nilihifadhi.
Nitasema tu ina geti la bluu,
na ukilala kitanda cha mwisho, wodi ya wazazi,
unaliona ziwa kipande,
kama kioo kilichovunjika mtu akakisahau.

Kusahau ndiko kulikonifikisha mahakamani.

Mimi Nkwimba, nauza dagaa Mwaloni, Kirumba.
Darasa la saba sikumaliza, lakini hesabu naijua:
naijua sado iliyojaa
na sado iliyobonyezwa kitako.
Jioni nikishafunga turubai
pesa nazihesabu mara mbili,
ya tatu nahesabu mbele ya mtu.

Wao walihesabu mara moja.
Karatasi ya chumba cha upasuaji, kielelezo namba tatu:
*Shashi zilizoingia, ishirini.
Zilizotoka, ishirini.*
Sahihi. Muhuri. Wino haukutetemeka.
Ya ishirini nilikuwa nayo mimi,
chini ya kitovu, imekunjwa vizuri kama barua.

Nilikaa nayo miaka minne.
Mama mkwe alisema ni mizimu ya kwetu.
Duka la dawa likasema vidonda vya tumbo.
Lugembe, mume wangu, hakusema kitu,
alihamisha mto wake.
Na Ngolo, niliyemzaa siku ile ya kisu,
alijifunza kukimbia kwa kunizunguka,
maana kumbeba sikuweza.

Kijana wa kipimo cha picha alinyamaza kwanza.
Akageuza kioo chake upande wangu, akakirudisha.
"Mama, walikupasua lini?"

Walipoitoa, walitoa na kizazi.

Kortini nilidhani watabisha.
Wakili wao, suti ya kijivu, sauti ya asali,
hakubisha kwamba shashi ilikuwemo.
Alisema nimechelewa.
Sheria, mheshimiwa, inampa mdai miaka mitatu,
na tangu siku ya upasuaji hadi siku ya kufungua shauri
zimepita siku elfu moja mia nne na sitini na moja.

Sikilizeni.
Ishirini iliwashinda.
Hizo zangu wamezihesabu bila kuruka hata moja.

Wakili wangu, Kokugonza, alisimama taratibu:
"Muda haumkimbii mtu
ambaye hajaambiwa mbio zimeanza."
Akaketi. Nilidhani ataendelea.

Akaitwa Sista Perusi, ndiye aliyehesabu.
Nilikuwa nimejiandaa kumchukia,
chuki niliifunga asubuhi pamoja na kitenge.
Akaeleza: zamu ya pili mfululizo,
vyumba viwili, yeye mmoja,
umeme ukakatika katikati ya kumi na nne.
Mikono yake juu ya kizimba
ilikuwa inahesabu yenyewe, kidole kwa kidole,
na haikufika mwisho.

Jaji alisoma kwa Kiswahili, namshukuru.
Zamani, wananiambia, ungesomwa kwa Kiingereza
nami ningebaki kutazama midomo.
Alisema saa yangu ilianza kugonga
siku ile kijana alipogeuza kioo.
Alisema kitambaa hakina miguu,
hakikuingia chenyewe;
mwenye kudaiwa maelezo ni aliyeshika mkasi,
si aliyelala usingizi wa dawa.
Niliyarudia maneno hayo hadi stendi.
*Hakina miguu. Hakina miguu.*

Kisha ikaja fidia.
Maumivu, kiasi fulani. Kipato kilichopotea, kiasi fulani.
Watoto ambao sikuwazaa
walipewa mstari mmoja, katikati ya nauli na dawa.
Sikujua nihesabu vipi.
Niliuliza kama naruhusiwa kukaa.

Koridoni Sista alinifuata na chupa ya maji.
Hakuomba msamaha, alikatazwa na waajiri.
Alisema, "Siku hizi nahesabu mara tatu.
Ya nne nahesabu usingizini."
Nikanywa nusu, nikamrudishia nusu.

Wamekata rufaa. Itasikilizwa mwezi wa tisa, wanasema,
au wa kumi na moja.
Dagaa hawangoji rufaa.
Wingu limesimama upande wa Ukerewe
na chanja zangu tatu bado hazijaanuliwa.
Ngolo, lete turubai.
Lile kubwa.